Siku Nilizomficha Sista

Jumatatu, 3 Machi
Kidonge cha huzuni kwa chai ya jana. Wiki ya sita sasa. Nimeshona mkono mmoja wa gauni, nikalala tena. Nyumba hapa Awindiri, mjini Arua, iko kimya tangu mama mkwe alipomchukua Letaru kwenda naye Koboko, nilipokaa kitandani mwezi mzima. Baba yake yuko Juba na lori. Mama mkwe amesema nikipona atamrudisha muhula ujao. Ana miaka minane. Namtaka mwanangu. Sina nguvu hata ya kumtaka vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Sista Poni kauliza tena: kuna siku silali na bado sichoki? Nimesema hakuna. Uongo mtupu. Lakini huzuni watu wanaiita mawazo, na mawazo nani hana? Zile siku nyingine wanaziita wazimu. Mwenye wazimu harudishiwi mtoto.

Jumanne, 11 Machi
Nimeamka kabla ya jogoo. Gauni tatu zimekwisha. Mjomba amefariki Adumi. Naenda matangani.

Ijumaa, 14 Machi
Siku tatu sijalala na sisikii uchovu wowote. Nimeongoza nyimbo, nimecheza, nimewachotea maji waombolezaji wote, na wazee wamenisifu kwamba huyu ndiye anajua kulia msiba. Matangani halali mtu, nani ataona kwamba mimi siwezi kulala? Nimetuma watu Awindiri wamletee mjane wa mjomba cherehani yangu, iwe yake. Wamenipigia vigelegele. Kesho namfuata Letaru, muhula wa nini, nimepona, nitafungua duka Arua na jingine Koboko, tutashona wote wawili, nimepona kabisa.

Jumapili, 16 Machi
Jana Koboko. Mama mkwe alikuwa sokoni. Nikamchukua mtoto kwa miguu, twende Abuku akaone shamba la babu yake. Jua la saa saba. Akasema miguu inamuuma. Nikamkalisha kwenye baraza la duka lililofungwa, nikamwambia narudi sasa hivi.
Nikamsahau.
Mwanamke wa Kongo anayeuza mihogo alimkuta jioni analia, akamrudisha kwa bibi yake. Mimi nilifika baadaye, naimba. "Huyu mutu iko mugonjwa," mwanamke yule akamwambia mama mkwe. Hakusema kwa ubaya.

Jumanne, 18 Machi
Nimemwambia Sista Poni yote. Matanga, cherehani, barabara ya Abuku, na siku kama hizo za miaka ya nyuma pia. Mama mkwe amekaa pembeni anasikia. Kila neno nililotoa nilijua linanipokonya mtoto. Nikaendelea tu.
Sista hakunigombeza. "Hii dawa ya huzuni peke yake iko nasukuma wewe juu," alisema. "Ugonjwa iko moja, lakini iko na pande mbili." Kasimamisha vidonge vya zamani, kanipa vingine. Letaru anabaki Koboko. Mpaka lini, sijui.

Jumapili, 27 Aprili
Dawa mpya inanifanya mzito. Vidole vinatetemeka, uzi hauingii kwenye sindano. Ila usingizi upo.
Leo nimekwenda Koboko. Letaru alisimama mlangoni, akaniangalia muda mrefu.
"Mama, leo uko ile ya kulala ao ile ya kukimbia?"
Nikamwambia leo niko ile ya kuchoka tu.
Akaja akakaa mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Tukamenya karanga mpaka saa ya gari.