Juu ya Jengo Alikoanguka Kaka

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Duka la Dobi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mgongo bado unakusumbua? Na Mama, anakula vizuri? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniachia, na kiwandani wamenihamishia upande wa kufunga mikate, mbali na joto la matanuri.

Dada, nilikwenda. Ulinisihi tangu nifike huku, nami nikawa napiga danadana. Lile jengo halikumalizwa. Kampuni ilifilisika, likabaki hivyo hivyo, nondo zimechomoza juu kama nywele zisizochanwa, na siku hizi watu hulipa kiingilio kulitembelea. Tulipewa kofia ngumu, tukaambiwa tusiegemee popote.

Kiongozi wetu alikuwa binti mcheshi mwenye kipaza sauti. Tulipanda ngazi hadi magoti yakaomba msamaha. Hakuna milango wala madirisha. Kwenye chumba kisicho na ukuta kuna choo kipya, kimefungwa vizuri, nailoni yake haijabanduliwa. Watu wakakicheka, wakakipiga picha. Nami nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi.

Juu kabisa akatusimamisha mbali na ukingo. "Hapa ndipo alipoanguka akafa fundi mmoja mgeni," akasema, kwa sauti ile ile ya kusimulia choo. "Kampuni ilidai alikuwa amelewa. Uongo mtupu! Kamba ya jukwaa alilosimamia ilikuwa imeoza. Baba yangu alikuwa mlinzi hapa, aliiona kwa macho yake."

Nilingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Nilitazama chini, nikaona mwanamke anahangaika kufunga mwavuli. Nikawaza kama nimezima jiko.

Wenzangu walipoanza kushuka nikamwambia, "Huyo fundi ni kaka yangu. Tumbo moja."

Akazima kipaza sauti. "Nisamehe. Nasimulia kila siku, wala sikuwahi kuwaza kwamba ana ndugu." Kisha akasema, "Twende kwa baba."

Mzee alinishika mkono, hakuuachia. Alisema Kaka hakuwa akionja pombe. Siku ile alipanda badala ya mwenzake aliyeugua. Yeye mzee alipowaambia mabosi habari ya kamba, walimfukuza kazi. Nilimsikiliza, nikanywa chai yake, nikamshukuru. Bado moyo umekufa ganzi, Dada, kama mkono uliolaliwa.

Lakini nilikumbuka jinsi Mama alivyoigeuza picha ya Kaka ikatazama ukuta, kwa aibu ya huo ulevi. Nikamwomba mzee aseme naye. Amekubali. Jumapili ijayo mchana tutapiga simu. Mkalishe Mama karibu nawe. Usimwambie ni habari gani. Mwambie tu kuna mtu aliyemfahamu mwanawe.

Mzee hajui lugha yetu, hivyo nitafasiri mimi. Neno "hakuwa amelewa" Mama atalisikia kwa kinywa changu. Huenda hapo ndipo nami nitakapolia.

Nisalimie Shemeji, Shangazi na wale mapacha watundu. Mungu awafunike nyote kwa kivuli chake, na huo mgongo auguse.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu.