Aliitika, Mimi Nikaandika Amekiri

Bi Mastura, shikamoo. Naomba msaada wako, mshauri wetu mpendwa, na naomba usinicheke, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeinuka kwenda kufuta ubao ambao tayari ni msafi. Mimi ni mwalimu wa sekondari moja huku Mkinga, njia ya kwenda Maramba, nafundisha kidato cha tano na cha sita somo la Maarifa ya Jumla, lile ambalo wanafunzi wanaliita jiesi, na muhula huu tuko kwenye mada ya sheria na mahakama, mada ninayoipenda kuliko zote, na sasa ndiyo inayonikosesha raha hata chakula hakipiti.

Mwezi uliopita kompyuta ya ofisi ya taaluma ilipotea, na kijana mmoja wa kidato cha sita, nimwite Mudathir, Mdigo wa Horohoro, kule mpakani na Kenya, mpole, hana makuu, alikuwa ameonekana Jumamosi ile akitokea upande wa ofisi, basi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mimi ndiye katibu wa kamati hiyo, kazi yangu ni kuandika. Mwalimu wa nidhamu, nimwite Zabron, ndiye aliyemhoji, na kijana alisimama mikono nyuma, macho chini. Zabron akamwambia, "Uliingia ofisini Jumamosi, Mudathir." Akajibu, "Naam." "Kompyuta umeichukua wewe, Mudathir." "Naam." "Ukaivusha mpakani, Mudathir." "Naam, mwalimu." Akafungua kinywa kama anayetaka kuendelea, Zabron akasema inatosha, toka nje, na mimi, Bi Mastura, kwa mkono wangu huu, nikaandika maneno mawili, mtuhumiwa amekiri, nikayapigia mstari, nikatia sahihi.

Kijana akasimamishwa masomo, akarudi kwao. Siku ya tatu mama yake akaja shuleni, mama wa makamo mwenye ushungi wa bluu, hakupiga kelele wala hakulia, aliniuliza swali moja tu, "Mwanangu kakiri kwa neno gani, mwalimu?" Nikamjibu kwamba yote yameandikwa. Akanitazama, akajifunga ushungi wake vizuri, akaenda zake, nami nikaona nimelimaliza.

Wiki iliyopita nikafanya mahakama ya darasani ili wanafunzi waone kesi inavyokwenda, Leticia akawa hakimu, Hasina akawa wakili wa utetezi, na Sele, naye ni mtoto wa pwani, akawa mshtakiwa wa kuiba mbuzi, mbuzi wa kubuni. Karani akasoma, unashtakiwa kwa kuiba mbuzi, Sele bin Shehe, na Sele akaitika naam, kwa sauti nzuri kabisa, na Leticia akagonga meza akatangaza kwamba mahakama imeona mshtakiwa amekiri. Sele akaruka kutoka kizimbani, akasema, "Nimekiri lini? Mimi nimeitwa, nimeitika." Darasa zima likacheka, hata mimi nilianza kucheka, mpaka Hasina aliposimama. Hakucheka. Akasema polepole, "Ndivyo alivyokiri Mudathir, mwalimu?"

Bi Mastura, niliweka chaki mezani. Nikasema kipindi kimekwisha wakati bado dakika ishirini, nikatoka, na tangu siku ile situlii, nikikaa nainuka, nikiinuka sijui niende wapi, nikifungua daftari la kumbukumbu yale maneno mawili yananitazama na mstari wake. Alhamisi ijayo bodi ya shule inakaa kuamua kama afukuzwe, na mkuu wa shule ameshasema kikao kitakuwa kifupi kwa sababu kijana amekiri, na ni kweli ushahidi mwingine hakuna, na mtihani wa taifa wa kidato cha sita uko mlangoni.

Sasa sijui nifanye nini. Zabron ni jirani yangu katika nyumba za walimu, nilipougua malaria mkewe ndiye aliyenipikia uji, na mkuu wa shule amenipendekeza niwe makamu wake, nikisema niliandika vibaya nitakuwa nimewavua nguo wote wawili, tena mimi si mtu wa pwani, kwetu ni Lushoto, nina miaka minne tu hapa, haya maneno ya kuitika sikuyazoea, na isitoshe huenda kijana kaiba kweli, nitakuwa nimejiharibia kwa ajili ya mwizi. Lakini nitasimamaje mbele ya Hasina kumfundisha haki ya kusikilizwa? Nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho, iko kwenye droo. Niipeleke? Ninyamaze? Niambie, mama yangu, nimechoka kuzunguka.

Mimi, Mwalimu Mwenye Kalamu, Mkinga

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza kaa chini, ubao umeshatakata.

Barua yako nimeipandisha juu ya zote zilizotangulia, kwa sababu Alhamisi haisubiri zamu. Walioniandikia habari za wachumba wataniwia radhi. Pole. Nimekuonea huruma, na nimependa kwamba jambo hili linakuwasha, maana wapo wanaotia sahihi mambo makubwa kuliko hayo na mchana wakala wakashiba. Sasa huruma yangu tuiweke pembeni kidogo, kwa sababu kuna mahali umenikasirisha.

Unaniambia wewe si mtu wa pwani. Haya, kwenu ni Lushoto, nakubali. Lakini miaka minne unasoma majina ya mahudhurio kila asubuhi, wavulana wanaitika naam, wasichana wanaitika abee, mbona hata siku moja hukuandika darasa zima limekiri? Maana ya neno ulikuwa nayo kichwani. Siku ile uliisahau kwa sababu wote mle chumbani mlikuwa mmeshaamua, na wewe ulikuwa na haraka ya kufunga daftari.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na miwili, kwa hiyo hili nalijua. Soma tena ulichoniandikia. Zabron hakuuliza swali hata moja. Alisema maneno yake, kisha akalitia jina la kijana mwishoni, mara tatu. Mtoto aliyelelewa, jina lake likitajwa na mkubwa, anaitika, hata kama anaambiwa nyumba yao inaungua. Ameitwa mara tatu, ameitika mara tatu. Alipofungua kinywa ndipo alipotaka kuanza kujibu, na hapo mkamfukuza.

Hakimu wa kwanza niliyefanya naye kazi aliletewa muuza nazi mmoja wa Ushongo, kasomewa shtaka, akasema naam. Hakimu akaweka kalamu chini akamuuliza, "Unaitika au unakubali?" Yule bwana akasema, "Naitika, mheshimiwa. Kukubali bado." Ndiyo sababu mshtakiwa anaulizwa waziwazi ni kweli au si kweli, na jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Unaandika alichosema mtu. Ulichoelewa wewe, kaa nacho moyoni. Hili ungewafundisha wanafunzi wako wiki ya kwanza, kabla ya mbuzi wa kubuni.

Huenda kaiba kweli? Huenda. Mimi sijui, wewe hujui, na Zabron naye hajui, ila yeye ana sauti kubwa. Kama kaiba, watafute ushahidi, polisi wapo. Sikuambii ukamtetee Mudathir. Nakuambia ukasahihishe mwandiko wako, kwa sababu ule mwandiko ndio unaomfukuza.

Basi fanya hivi, na usinizungushe. Leo hii nenda kwa Zabron, ubishe hodi, umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Akikasirika mwache akasirike, na mkewe msalimie, uji wake hauhusiani na kesi hii. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza chukua karatasi, uandike alichosema Zabron na alichojibu kijana, neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi, maana umekumbuka vizuri mno kwa mtu anayedai alielewa vingine. Eleza kwamba neno amekiri ni lako wewe, hakulisema yeye. Tia tarehe na sahihi, mpe mkuu wa shule, nakala mpelekee mwenyekiti wa bodi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ole wako ufute au uchane ukurasa ule wa zamani. Uache na mstari wake, waone ulivyoandika na unavyosahihisha.

Katika karatasi hiyo hiyo omba kijana aulizwe upya mbele ya mzazi wake, kwa maswali yenye alama ya kuuliza, na aachwe amalize. Baada ya hapo panda gari uende Horohoro kwa yule mama. Katika watu wote uliowataja, yeye na Hasina tu ndio waliouliza swali la kisheria, na yeye hukumjibu. Alikuuliza mwanawe kakiri kwa neno gani. Mwambie neno lenyewe.

Na Hasina, mwanangu, usimkimbie. Ingia darasani, mwambie mbele ya wenzake kwamba ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, na umeandika kusahihisha. Hutahitaji kufundisha haki ya kusikilizwa siku hiyo, watakuwa wameshaiona.

Umakamu unaweza kuukosa. Sikudanganyi, wakubwa hawapendi kusahihishwa na katibu wao, na huenda ukanuniwa mpaka muhula ujao. Utakosa cheo, yule kijana anakosa mtihani. Pima mwenyewe. Barua ya uhamisho ichane, maana huko utakakohamia utakwenda na mkono huo huo.

Alhamisi bodi itakaa, na mwenyekiti atakuita kwa jina lako. Simama, uitike abee kwa adabu zote. Wewe watakuacha uendelee kusema, basi endelea.