Ungo wa Mama Mkwe

Jumanne, baada ya Isha

Na simu yangu mpaka sasa hajanirudishia. Asubuhi nilimpa mama mkwe achezee ule mchezo wa matunda, dakika tano tu, nimalize kufua. Adhuhuri ilikuwa bado anayo. Dada yangu kapiga mara mbili, na mara mbili simu ikakatwa.

Nilikasirika, kusema kweli. Nikamfuata ukumbini. Nikamkuta kajiinamia, kidole kinakwenda polepole: embe kwa embe, ndizi kwa ndizi. Matunda makubwa, rangi zinawaka, anayaona. Yakijipanga matatu yanapotea kwa mlio, naye anacheka peke yake.

Tangu macho yake yapungue nguvu sijamsikia akicheka hivyo. Mchele wote wa nyumba hii alikuwa akiuchagua yeye. Mwaka jana mwanawe, mume wangu, aling'ata jiwe kwenye wali, jino likakatika. Mimi kimya kimya nikauficha ungo. Nikamwambia siku hizi mchele unauzwa safi. Mikono yake ikabaki mapajani.

"Mama, umeupendea nini mchezo huu?"

"Kama kuchagua mchele, mwanangu. Mikono ina kazi, moyo unapumzika." Akagusa embe jengine. "Tena huku nikikosea, hapana wa kuvunjika jino."

Kumbe siku zote alikuwa anajua.

Simu ikalia, chaji inakwisha. Nikaingia ndani, nikamletea chaja.