Akimaliza Kuomba, Atasema Nini?

Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu.

Leo niliwasomea wasichana wa kanisani hadithi ya Neema, nikaikatiza mahali pagumu ili waamue wenyewe. Rafiki yake amemwomba aseme kwamba usiku alilala kwa kina Neema. Sasa mama wa rafiki huyo yuko mlangoni anauliza. Neema atafanya nini?

"Ataomba!" wakajibu wote. Kila Jumapili ni hilo tu. Linanichosha, maana huko nje wataulizwa kweli, na mimi sitakuwepo.

Ndipo mjukuu wangu Adhiambo, ambaye hakuwa amefungua kinywa darasani tangu tumzike mama yake, akasema, "Aombe, sawa. Lakini akifungua macho, huyo mama bado amesimama pale. Atamwambia nini?"

Wasichana walicheka hadi wakapiga benchi. "Jibu basi, Pasta Adhiambo!" mmoja akamtania.

"Nitamwambia, 'Hakulala kwangu, Mama. Lakini ngoja nivae viatu, twende tumtafute.'"

Kelele zikazuka! Huyu akasema huo ni usaliti, yule akasema huo ndio urafiki. Walibishana njia nzima mpaka tukafika kwetu Nyamasaria.

Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba sauti ya mtoto huyu tuliizika pamoja na mama yake. Jioni alisonga ugali huku akiendelea kubisha, akiupunga mwiko hewani vile vile kama marehemu binti yangu.

Eh, Nyasaye, Mungu wangu. Nilimwacha abishe mpaka ugali ukapoa.