Jina la Baba kwenye Runinga

Lurambi,
Kakamega.
Tarehe 9 Septemba, 2024.

Kwa kaka yangu Wesley,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Ni tumaini langu barua hii itakukuta mzima huko Kanada, wewe na wote unaoishi nao. Sisi tuko, si haba. Magoti ya Mama yanamsumbua baridi ikishuka, lakini bado anaenda jumuiya ya kanisa kwa miguu na kupanda boda boda bado hataki. Mahindi tumevuna, yako uani yanakauka. Mimi ningali nashona sare za shule pale sokoni Kakamega, na kila jioni narudi huku kwa sababu Mama hana mwingine.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Ni kwamba kwenye simu huwa unaniambia una haraka, utanipigia baadaye. Safari hii nataka nifike mwisho wa ninayosema.

Runinga uliyotununulia mwezi wa Machi ililetwa na watu wa duka mpaka mlangoni. Siku hiyo Mama alichinja ingokho, kuku mkubwa kuliko wote bandani, akawaita wanajumuiya wenzake, wakala obusuma, ugali wetu, wakashiba, kisha wakaiombea runinga kama watu wanavyoiombea nyumba mpya. Miezi miwili hatukuona chochote ila habari na mahubiri. Halafu ukanitumia ujumbe wa sauti, ukinieleza jinsi ya kuingia kwenye ile huduma ya filamu za mtandaoni unayolipia huko. Niwashe data kwenye simu yangu, niunganishe runinga nayo, nifungue ukurasa wa kuingilia, niandike barua pepe yako na neno la siri.

Hukujua kazi uliyonipa. Kila herufi unaitafuta kwa mshale wa rimoti, moja moja, na ukikosea moja unaambiwa uanze upya. Mara ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa. Mara ya tatu Mama alivaa miwani, akashika simu, akawa ananisomea herufi kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Ikafunguka. Mama akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Maneno yakatokea yakiuliza ni nani anayetazama. Chini yake kulikuwa na nyuso nne za kuchorwa, kila moja na jina. Wesley. Emily. Kakamega. Uso wa nne ulikuwa wa simba mdogo mwenye macho makubwa, na jina lake lilikuwa Andati.

Unajua Mama hasomi haraka, lakini jina la mume wake halimpiti. Aliinuka, akalisogelea, akaligusa kwa kidole. Akasema, "Wesley amemwekea baba yake nafasi. Hakuja kumzika, lakini nafasi amemwekea."

Nilikuuliza kwa ujumbe hao ni akina nani. Ulinijibu kwamba Emily ni mtu wa kazini mnayetumia naye huduma hiyo, na kwamba jina la Andati uliliweka ili kumkumbuka Baba. Nikamsomea Mama jibu lako. Alikuombea usiku na mchana kwa jibu hilo.

Nilimfundisha kuwasha, kushuka, kubonyeza katikati, na kurudi nyuma akipotea. Wiki moja tu akawa anajua kuliko mimi. Lakini ule uso uliotuandikia Kakamega hakuufungua hata mara moja. Alifungua wa simba. Ndani yake hakukuwa na filamu za watu wazima, ni katuni tupu. Basi kila jioni, nikisharudi na simu yenye data naye akishaosha vyombo, alikaa kwenye kiti cha Baba akatazama treni zinazoongea na sungura wanaoimba kwa Kiingereza asichokielewa. Nilimtafutia misa, nikamtafutia vipindi vya mapishi, akakataa. Alisema kama hapo ndipo jina la mume wake lilipo, hapo ndipo atakapokaa.

Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Aliniambia, "Gentrix, kuna mtu anatazamanga tukizima. Jana niliacha treni ikiingia kwenye shimo la mlima. Leo iko baharini." Hakuogopa. Alicheka, akafurahi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua mtu wa kazini hatazami treni ileile mara nane, na marehemu hatazami kabisa. Una mtoto, Wesley. Umemwita jina la Baba, jina ambalo Mama amelisubiri miaka minne, tangu tumzike Baba, lirudi nyumbani, na hukumwambia.

Wiki tatu nilikaa na jambo hilo kifuani huku namwona Mama akiichekea runinga.

Jumamosi moja ya Agosti alirudi kutoka jumuiya, akawasha, akakuta nyuso tatu. Simba hayupo. Alibonyeza juu, akabonyeza chini, akazima, akawasha tena. Kisha akaweka rimoti mapajani, akasema, "Amekufa tena." Jioni hiyo hakula.

Kesho yake ukapiga simu. Ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo maneno yako tuliyasikia sote. Ulifoka kwamba Mama amefuta vitu vya watu, kwamba aambiwe asiguse asichokijua, kwamba kuna mtu huko amelia siku nzima. Mama alikuomba msamaha. Mama yako mzazi, Wesley! Alikuomba msamaha akisema mikono yake imezeeka, pengine ilibonyeza vibaya bila yeye kujua. Tangu siku hiyo rimoti ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati, na runinga haigusi.

Jumanne jioni ikafuata simu nyingine, ya mwanamke. Alijitambulisha kuwa ni Emily, mke wako, mzaliwa wa Eldoret, na kwamba namba yangu aliitoa kwenye simu yako. Alizungumza kwa adabu. Alisema ameona aibu kwa jinsi ulivyofoka, kwani katuni za mtoto si kitu cha kumvunjia mzee heshima. Akasema anamheshimu sana huyo shangazi yako aliyekulea baada ya baba na mama yako wote wawili kufariki.

Nilimwomba arudie. Akarudia polepole, akidhani mtandao ni mbaya.

Dirishani nilimwona Mama akigeuza mahindi kwa miguu, ameinama, anaokota punje zilizoruka nje ya turubai. Nikamwambia Emily kwamba huyo anayemwita shangazi ndiye aliyekuzaa, na muda huo yuko uani anageuza mahindi. Nilisikia mtoto nyuma yake akimwita. Kisha akaomba picha, nikaenda nikampiga Mama picha, nikamtumia. Yeye ndiye aliyenipa anwani hii. Kama siku hizi nyumba yako imenyamaza, sasa unajua sababu.

Na mimi nina langu la kusema. Mama hakufuta kitu. Ni mimi. Jumamosi ile, yeye akiwa jumuiya, nilifungua pale pa kurekebisha majina, nikachagua uso wa simba, nikaufuta. Nilijua ni wa mtoto. Nilitaka uumie wewe, na sikufikiri nani mwingine angeumia. Ulipokuwa ukimfokea Mama nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na sikufungua mdomo. Kwa jambo hilo moyo wangu haujanisamehe, hata kama Mama amenisamehe.

Maana jana nilimwambia. Nilimwambia nani alifuta, na Andati ni nani. Alilia kidogo, halafu akauliza maswali: mtoto ana umri gani, amebatizwa, mama yake ni mtu wa wapi. Leo asubuhi alichukua jembe akaenda kwenye kaburi la Baba, akapalilia, akakaa huko anaongea naye mpaka jua likawa kali.

Lakini kwamba huko kwako yeye ni marehemu, hilo sijamwambia. Nimejaribu mara mbili nikashindwa. Utamwambia mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake, ili aone mdomo uliosema.

Mama anakusalimu. Anadhani nakuandikia kukuuliza mtakuja lini. Amesema msimletee zawadi yoyote, mtoto aje tu na viatu vya matope. Nisalimie Emily, mwambie picha nyingine nitamtumia. Na Andati mwambie nyanya yake yuko hai.

Ni mimi dada yako,
Gentrix.