Mkwe, Nimemnyonyesha Mwanao

Salma, mkwe wangu,

Wenzetu hapa Vitongoji walituchoka. Matumbo hayajachomoza vizuri, sisi tushaposeana watoto! Mmoja azae wa kike, mwengine wa kiume, waoane, na sisi tuzeeke tukigombania wajukuu. Tangu hapo sikukuita jina lako tena, ila mkwe.

Nilijifungua mimi kwanza, binti. Wiki haijaisha, uchungu ukakushika wewe. Shangazi yako akakuchemshia mizizi ya kuuharakisha, ukaimaliza yote, maana hata chai hukuwa na subira nayo ipoe. "Mkwe, mie nshachoka na tumbo hili," ukaniambia, na hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Mtoto wa kiume alitoka mzima. Kizazi chako, kwa kusukumwa vile, kikachoka, kikalegea, damu ikakataa kukatika. Hospitali wakakuchoma sindano ya kukaza kizazi, ile ile niliyochomwa mimi nikapona. Kwako haikufua dafu. Shangazi yako naitikia salamu yake kwa adabu, lakini moyoni nina hasira naye, Salma, sikufichi.

Hamadi, mumeo, alimleta mwanao amemviringisha kwenye kanga yako. Maziwa ya kopo yalimharisha mpaka akabaki mifupa. Nesi akanipa vidonge vya kuongeza maziwa, akasema nitawatosheleza wote wawili. Shehe naye akanikumbusha kwa upole jambo ninalolijua: akinyonya kwangu ni mwanangu, na binti yangu ni dada yake. Hawaoani maisha.

Nilimpakata, analia mpaka sauti imekauka. Nilitaka kukuuliza. Nilitaka sana kukuuliza, walau uninunie kidogo, kisha useme sawa. Nikampa ziwa.

Alipoanza kuvuta, tumbo likaninyonga, kizazi kikajikaza. Nesi alishanieleza kuwa mtoto akinyonya, mwili hujitengenezea wenyewe dawa kama ile ya sindano. Basi nililia, si kwa maumivu. Mwanao alizaliwa na dawa hiyo mdomoni, na wewe hakuwahi kukupa.

Sasa ana mashavu. Wanawake wanaokuja kututazama wananiita mama pacha, wanacheka, wanakunywa chai, wanakwenda zao. Mchana kutwa nina watoto wawili mikononi na sina mtu wa kuzungumza naye. Juzi binti yangu alipiga chafya, nikageuka nikuambie kitu, sijui hata nini. Nimechoka, Salma. Upweke ulioniachia ni mzito kuliko nilivyodhani.

Mungu akulaze mahali pema. Mimi nabaki na hawa. Nakuahidi hili moja: siku mwanao atakayoniita mama, nitaitika. Lakini kwanza nitakuwa nimemfundisha kutamka Salma.

Wako,
Rehema