Masomo Yetu Yametoka Ndani ya Folda

Uvira, Jumatano. Mvua ilianza alfajiri na kukatika asubuhi watu wakiwa wameshachelewa kutoka. Mto Mulongwe umejaa maji ya udongo, na wanaokaa kando yake wamekuwa wakiuchungulia kila mara. Milio ya silaha leo iko mbali, upande wa milima. Moyo wangu umetulia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoandika hivyo hapa.

Acha niandike haraka, furaha ikiwa bado ya moto.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa hesabu. Tangu vita visogee karibu na mji, shule yetu imefungwa. Wanafunzi wangu wa darasa la sita, wale wanaongojea mtihani wa serikali, wametawanyika kama ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, waliomwagika kutoka kwenye beseni. Wengine wamevuka mpaka, wako kambini Burundi. Wengine wameshuka kusini, barabara ya Fizi. Wengine sijui.

Ndiyo maana nilianza kuweka masomo kwenye tovuti. Niliifungua zamani, wakati wa amani, kwa kujifunza tu, na programu yake nikaiweka ndani ya folda niliyoipa jina "jaribio". Kwa hiyo anwani kamili ilikuwa jina la tovuti, halafu mkwaju (ile alama ya /), halafu neno jaribio. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atahangaika na mkia huo.

Wanafunzi walihangaika. Wanapeana anwani kwa mdomo, kwenye foleni ya maji au kwa simu ya kuazima. Jina la tovuti linabaki kichwani, mkwaju na folda vinapotea njiani. Juzi Espérance, msichana mwenye bidii kuliko wote darasani kwangu, alinipigia kutoka kambini, sauti ikikatika-katika.

"Madame, page inafunguka lakini iko nyeupe, hamuna kitu. Bantu wa hapa kambini wanasema pengine Madame naye amekimbia, ameacha."

Ameacha.

Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Leo mvua ilipokatika na rezo ya mtandao ikarudi, nikasema basi, nahamisha. Mtu akiandika jina la tovuti peke yake, aingie moja kwa moja kwenye masomo.

Nilianza vizuri. Nilichukua nakala ya kila kitu, nikaihifadhi pembeni. Kisha nikafungua mipangilio. Pale kuna nafasi mbili za anwani: moja inaonyesha mahali programu yenyewe inapokaa, nyingine ni anwani wanayoandika wageni. Ilitakiwa nibadilishe ile ya wageni tu. Nikazibadilisha zote mbili, nikabonyeza kuhifadhi.

Tovuti ikanifungia nje.

Ukurasa wa kuingilia haukuonekana. Masomo hayakuonekana. Hata wale wachache waliokuwa wakijua anwani kamili sasa wangeangukia kwenye ukurasa mweupe. Nilikaa nikiangalia kioo cha kompyuta. Nilimwona kichwani mwangu Espérance akijaribu tena, akiwageukia wenzake na kusema kweli, Madame ameacha. Na betri ya kompyuta ilikuwa karibu kwisha, umeme wenyewe tumeusahau.

Nilibeba kompyuta chini ya kitenge nikaenda kwa jirani yangu, Mama Neema, mwenye pano ya jua anayowachajia watu simu. Hakuniuliza maswali mengi. Jua lilikuwa hafifu, haliwezi kubeba vyote, kwa hiyo alichomoa simu za wateja, moja baada ya nyingine.

"Watangoja," alisema. "Simu ya muntu moja ni ya muntu moja. Hii yako ni ya batoto wa watu wengi."

Nikampigia Déo. Déo tulisoma naye sekondari, na kazi yake ni kutengeneza tovuti. Alikimbilia Bujumbura na watoto wake, wanalala sebuleni kwa binamu yake. Nilijua ana shida zake. Nilianza kueleza kwa haraka, maneno yanagongana.

"Dada, pumua kwanza," akanikatiza. "Hakuna kitu imepotea. Masomo iko palepale. Ulibadilisha tu anwani. Weye usiguse kitu ingine mpaka nikuambie."

Hakuna kitu imepotea. Ningeweza kumkumbatia kupitia simu.

Akaniongoza taratibu. Nikaingia kwa mlango wa kampuni inayotuhifadhia mafaili, nikafungua faili la usanidi, nikaongeza mistari miwili: mmoja unaoiambia programu kwamba yenyewe bado inakaa ndani ya folda, mwingine unaosema wageni watapitia kwenye jina la tovuti peke yake. Kisha nikanakili faili la mwanzo pamoja na lile dogo linaloelekeza njia, nikayaweka nje ya folda, kwenye mzizi, pale mtu anapofikia akiandika jina la tovuti tu. Ndani ya lile la mwanzo nikaongeza jina la folda, ili lijue pa kuifuata programu. Masomo na picha havikusogezwa hata kidogo.

Nikaandika jina la tovuti peke yake. Ukurasa wa kwanza ukafunguka!

Nilipiga kelele, Mama Neema akaja mbio na mwiko mkononi. Lakini nilipobonyeza somo, jibu likawa: ukurasa haupatikani. Lingine, vilevile. Nikamwambia Déo.

Déo akacheka kidogo. Aliniambia nifungue mipangilio ya viungo vya kudumu, yaani anwani za kila somo, nisibadilishe chochote, nibonyeze kuhifadhi tu, programu iandike njia zake upya. Sikuamini, nikabonyeza. Somo la kwanza likafunguka. La pili. Yote.

"Asante, kaka," nilisema.

"Wafundishe tu," alinijibu. "Mukubwa wangu naye iko kwa ile darasa."

Nikampelekea Espérance ujumbe: andika jina la tovuti tu, usiongeze kitu. Jibu lake lilikuwa ujumbe wa sauti, "Madame, imefunguka!", na nyuma yake vijana wanabishana nani ashike simu.

Jioni, bado niko barazani kwa Mama Neema, nilitaka kufunga kompyuta nikaona maoni mapya chini ya somo la milinganyo. Jina: Bahati.

Sijawahi kumtaja hapa. Bahati alikuwa akikaa mjini kwa shangazi yake, lakini kwao ni Mutarule, kwenye bonde la Ruzizi, wazazi wake ni wakulima. Alikwenda kuwaona kabla tu ya watu wa kule kukimbia. Tangu hapo simu yake haikuita tena. Wenzake waliacha kumtaja. Mimi niliacha kuuliza, niliogopa jibu.

Ameandika hivi: "Madame, minye Bahati. Tuko Makobola, kwa barabara ya Fizi, na wazazi, tulifika na miguu. Muntu alinipa jina ya site nikaandika, ikafunguka. Nasoma. Lakini zoezi ya tatu, pale kwa mabano, nimeshindwa kabisa. Unaweza kueleza tena?"

Nililia kwa sauti. Mama Neema akaacha sufuria.

"Weye, iko nini? Nani amekufa?"

"Hapana, mama. Kuna mwenye iko muzima."

Akakaa karibu yangu, tukawa tunaangalia kioo pamoja, ingawa yeye hasomi hesabu.

Mungu, asante. Asante kwa Déo, kwa Mama Neema, kwa jua hafifu la leo. Asubuhi rezo ikiwepo, nitaanza na yale mabano.